Gaël na Wiski ya Mtama

Gaël alitoka Columbus, anakofanya kazi katika kiwanda kidogo cha wiski, akaja Newburg, Louisville, kumposa Chimène. Alibeba chupa mbili za kiwandani kwao: moja ya mtama, nyingine ya mahindi ya bluu, iliyolazwa katika pipa lililowahi kuhifadhi divai.

Mzee Birindwa, baba mkubwa wa Chimène, ndiye aliyesafiri kutoka Buffalo kuja kutoa jibu.

“Bon, kijana, mwenye kuleta anaonja kwanza, tujue haina sumu.”

Gaël akanusa ile ya mtama, akaizungusha mdomoni taratibu, kisha, kwa mazoea ya kazini, akaitema kwenye kikombe. Mzee akakikodolea macho kile kikombe.

“Donc wewe unatema, sisi tumeze?”

“Baba, kazini tunatema ili ulimi usichoke!” Akajaza glasi, akaimeza yote hadi machozi yakamlenga.

Mzee akacheka, naye akaonja. “Inanukia uji ulioshika chini ya sufuria. Ile ya pipa la divai wape wamama. Na ugali wa Chimène, nao utautema?”

“Nitaumeza, Baba, hata ukiungua.”

“Utaungua tu. Haya, mchukue.”

“Baba!” Chimène alipiga kelele kutoka jikoni, lakini vigelegele vya wamama vilishamzidi sauti.