Teria Asiyebweka

Kwa Marcelino, mbwa wa ulinzi analelewa kwa njia moja tu: mchana ndani ya sanduku la mbao, usiku nje, asizoee sura ya mtu. Ndivyo baba yake alivyolea mbwa kule Mdandu, na wezi walimpa heshima yake. Basi aliponunua Chuma, mbwa wa aina ya teria mwenye kifua kipana na shingo nene, akamsweka sandukuni siku hiyohiyo.

Wiki tatu zikapita. Chuma hakubweka hata mara moja. Alitetemeka tu na ugali akauacha.

"Mama Peace, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," Marcelino alimwambia mkewe, Letisia. "Jumamosi jirani yetu Lenard anakuja na bunduki yake ammalize."

Letisia alipenda kuchunguza mambo tangu utoto, na jambo hili lilimnyima raha. Mwili wote ule, ukimya wa nini? Alhamisi akatoka Makambako kwenda Njombe mjini kwa bwana mifugo, Aron, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Kamwene, mama," Aron alimsalimu kwa Kibena. "Anang'ata?"

"Ananitazama tu, baba."

"Ukoo wake umetoka Uingereza. Zamani waliwapiganisha na mafahali, kisha wenyewe kwa wenyewe. Sasa, mwenye mbwa ilimbidi aingie katikati awaachanishe kwa mikono. Mbwa aliyemng'ata mtu hakuachwa azae."

"Kumbe!"

"Mbwa wenzake, mchunge nao. Lakini mtu ndiye kila kitu chake; mkimtenga, anakonda kwa upweke. Na manyoya mafupi yale, kwa baridi ya Makambako? Mvalisheni. Mtembezeni asubuhi na jioni."

Letisia aliona aibu. Siku zote hizo alipita kando ya sanduku lile na ndoo yake, asiseme neno.

Jumamosi Lenard alifika mapema. Marcelino, ambaye maneno ya Aron aliyaita hadithi za mjini, alishika komeo la sanduku.

"Baba Peace, nakuomba. Mwite jina kwanza."

Hakuwahi kumwita. "Chuma," alisema kwa shingo upande.

Mbwa akatoka akiyumba, kiuno kizima kikicheza. Aliupita mfupa aliotupiwa na Letisia, akamwendea aliyemfungia, akamwegemea miguuni kwa uzito wake wote.

"Nimpige hapohapo?" Lenard aliuliza.

Marcelino alivua sweta lake, akainama kumfunika mbwa.

"Rudi nyumbani, ndugu yangu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Kutembea, alisema mara ngapi kwa siku?"

Letisia, huku akilia, alimwonyesha vidole viwili.