Maksai Mwekundu wa Mama Mkwe

Damian alikuwa mtu wa aibu na uvivu, na viwili hivyo nusura vimkoseshe mke. Maksai wa kulimia wa mama mkwe wake, Salvina, alikata kamba akapotea, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mashemeji wakamsaka porini huku Damian akijigeuza kitandani. Mkewe, Anisia, hakugomba. Alikunja khanga zake akaenda kwa mama yake, akaacha neno moja tu: atarudi siku maksai atakaporudi, na wa kumrudisha awe Damian mwenyewe, si mtu mwingine.

Ndipo akili zikamjia Damian. Akasikia kwamba ng'ombe waliookotwa wamefungiwa katika boma moja nje kidogo ya Masumbwe, akaenda mbio.

Mlinzi wa boma hilo, Mzee Hatibu, alikuwa askari enzi za Mwingereza, na mpaka mwaka huo wa sabini na tatu hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo imekwisha. Boma lake lilizungushiwa miiba mirefu, hakuna kuchungulia, maana watu wa huku ukiwaonyesha ng'ombe kwanza, kila ng'ombe anageuka kuwa wa kwao. Unataja alama, kisha yeye ndiye anayeingia kutafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rangi?"

"Mwekundu."

"Pembe?"

Hapo Damian akakwama. Kwao mwanamume hasogelei ua wa mama mkwe, na akimwona njiani anajitupa porini. Huyo maksai alikuwa amemwona mgongo tu, kwa mbali, juu ya mihogo. Akanyamaza.

"Masikio?" Kimya. "Mkia?" Kimya.

Hatibu akaingia, akakaa huko ndani mpaka Damian akaanza kupata matumaini. Akatoka akijifuta jasho.

"Mwekundu asiye na pembe, wala masikio, wala mkia, sina. Na pole, mwanangu, maana huyo hata akipatikana ni wa kuchinja."

"Mzee, pembe anazo."

"Mbona hukusema?"

"Sikujua zikoje."

"Nimekuuliza, ukanyamaza. Mtu akinyamaza, maana yake hakuna."

Basi Damian akaona heri ajibu kila kitu. Akasema pembe zozote, masikio yoyote, mkia wowote, na kwa woga akaongeza na rangi yoyote. Mzee akaokota fimbo yake.

"Kwa hiyo unataka boma zima."

Jamani, kuna watu wanajitafutia kipigo kwa mdomo wao wenyewe. Damian akapiga magoti kwenye samadi, akasema yote: mke, kamba, kitanda.

"Rangi naijua, mzee, ni mwekundu kweli. Hayo mengine siyajui, basi tuyaache, usiyatafute kabisa. Nitolee wekundu wote, wenye pembe na wasio nazo, tuwaswage njia ya kwa Salvina. Atakayekata kona kwenda kwake, ndiye. Waliobaki unarudi nao, na fimbo ushike wewe."

Hatibu alifikiri. Amri kama hiyo hakuwahi kupewa, lakini hakuona pa kuibiwa. Akaondoa miiba mlangoni.

Walipofika karibu na kwa Salvina, maksai mmoja mwenye pembe iliyopinda mpaka jichoni akaliacha kundi, akaingia uani bila kupiga hodi. Damian akamfuata mbio kwa furaha, akasahau ua ni wa nani, na akakutana uso kwa uso na mama mkwe ameshika ndoo. Akachupa ndani ya mihogo, akalala kifudifudi.

Salvina hakugeuka kumtazama, maana desturi ni desturi. Alimshika maksai wake pembe, akasema akiuelekea mlango wa nyumba.

"Anisia, ng'ombe nimemwona. Toka ukamtafute mumeo."

Anisia akatoka polepole, kicheko kimembana, hataki kukitoa. Huko kwenye mihogo Damian alikuwa amebana pumzi, hajui kama anaitwa au anafukuzwa.

"Nimtafute wa namna gani, mama? Mchapakazi? Mwepesi wa kuamka?"

"Usiongeze masharti, mwanangu, utarudi mikono mitupu. Yeyote utakayemkuta kwenye mihogo, chukua huyo huyo."