Mila Haikutaja Maji

Kezia alikuwa amechuchumaa nyuma ya duka la Sumeya, mjini Homa Bay, akisugua pipa la mafuta ya kupikia kwa majivu na sabuni ya unga. Pipa lilikuwa limepasuliwa kwa urefu, likakaa kama hori la ng'ombe. Mafuta yaliyoganda kwenye kona yalikuwa sugu, na mimea haipendi mafuta, kwa hiyo alisugua mpaka maji ya kusuuzia yakatoka meupe. Uwanja ule ulikuwa saruji tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Udongo wa kujaza hata kikombe haukuwepo.

Vifuniko vya maboksi meupe ya samaki alivipata sokoni, pembe zimemeguka. Alivitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha marando ya viazi vitamu katika kila tundu, akayabana kwa vipande vya godoro kuukuu, kisha akaviweka vielee juu ya maji yaliyotiwa mbolea. Pipa alilipaka rangi nyeusi kwa nje, kwa sababu mizizi hupenda giza. Asubuhi na jioni aliyakoroga maji kwa mwiko ili mizizi ipate hewa.

Mambo hayo alifundishwa kwenye semina ya bure iliyofanywa katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wa semina alikuwa kijana mpole, na alimwambia ukweli kama alivyoujua.

"Sukuma wiki itakubali, mama. Vitunguu vya majani pia. Lakini kiazi kwa maji? Itakupea kamba tu."

"Basi nitavuna kamba," Kezia alisema, akaenda kutafuta marando.

Sumeya, mwenye duka, alikuwa mama wa Garissa aliyekuja Homa Bay kuuza sukari na mchele akazoea samaki. Chumba cha nyuma alimkodishia Kezia. Alitoka na birika la kutawadhia, akayatazama mapipa, ambayo sasa yalikuwa kadhaa, yaliyopangwa hadi mlango wa choo.

"Wewe mama," akasema, "watu wakinyang'anywa shamba wanaenda kortini. Wewe umeleta shamba kwa choo yangu."

"Korti ni mbali, Mama Sumeya. Choo iko hapa."

Shamba lenyewe lilikuwa Lambwe, upande wa chini wa boma la wakwe zake. Kezia na mumewe Boaz walilifungua kwa jembe la mkono lilipokuwa kichaka cha miiba. Boaz alipofariki alizikwa pale pale, mahali boma linapoishia na shamba linapoanzia. Akabaki Kezia na watoto wawili, na Oyaro, kaka mkubwa wa Boaz, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza katika boma.

Katika maboma ya watu wa kule kuna utaratibu unaoitwa golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Nyumba ya mkubwa hupanda kwanza, kisha za wadogo hufuata kwa zamu. Anayeruka zamu huleta chira, na chira hukondesha watoto mpaka wakaisha. Kezia alikuwa ameishi na utaratibu huo miaka yote bila kuuona mzigo, maana Oyaro alikuwa mtu wa kuamka mapema na jembe.

Baada ya matanga Oyaro alimwambia kwamba yuko tayari kuirithi nyumba ya ndugu yake, Kezia awe mke wake. Kezia alikataa. Oyaro hakupiga kelele wala hakumtukana. Hakupanda tu.

Mvua za masika zilinyesha, Oyaro akakaa barazani akisikiliza redio. Majirani walipalilia, yeye akapiga mlango wake rangi. Mvua za vuli zikaja na kwenda, Oyaro anachonga mpini. Kezia alikuwa akisimama kwenye mpaka wa shamba na beseni la mbegu kichwani, anatazama udongo uliolowa vizuri, halafu anarudi nyumbani, kwa sababu mama hawezi kuwachezea watoto kamari. Magugu yaliposhinda urefu wa mbuzi, Oyaro aliwaita wazee waje kuona jinsi mjane alivyolitelekeza shamba la marehemu. Wazee walikuja, wakaona magugu kweli, wakanywa chai. Hati ikatoka kwa jina la Oyaro. Msimu uliofuata alipanda siku mvua ilipoanza.

Ule ulikuwa wizi, na kila aliyekunywa ile chai alijua. Kezia aliwapeleka watoto kwa mama yake Migori, akaja Homa Bay kukaanga samaki na kukaa kwenye saruji.

Marando yalipotambaa mpaka kwenye ukuta na kuanza kunyauka majani ya chini, Kezia aliinua kifuniko cha kwanza. Chini yake vilining'inia viazi, vinene, vyekundu. Vilikuwa vimejaa udongo. Maji yaliyobaki pipani yalikuwa safi kiasi cha kuona chini, lakini kila kiazi kilitoka kimevaa tope jeusi, zito, la kung'ang'ania vidole, lenye vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa. Katika kiazi kimoja kilikuwa kimenasa kigae cha sahani ya bluu. Sahani hiyo Boaz aliivunja shambani siku waliyokula ugali wa kwanza wa mtama wao, na Kezia alimgombeza hadi jioni.

Alikishika kigae kile kwa muda. Alifurahi, furaha ya kumwona mtu wa nyumbani akiteremka stendi. Kisha akaviosha viazi ndani ya karai, akamwaga maji juu juu, udongo akautia kwenye gunia.

Sumeya alipopita aliliona gunia. "Hii udongo umetoa wapi?"

"Lambwe."

"Nani amekuletea?"

"Umekuja wenyewe."

Sumeya akaugusa kwa kidole cha mguu. "Basi usiache uingie kwa mtaro wangu. Ukiziba ni mimi nitalipa."

Viazi viliuzika vizuri sokoni. Vilikuwa vitamu na havikuwa na nyuzi hata kidogo, na yule mwalimu wa semina alinunua fungu, akarudi kununua jingine. Kezia alipanda tena, akavuna tena, na magunia ya udongo yakapanda ukutani hadi kufikia dirisha.

Kule Lambwe shamba la Oyaro lilikuwa likishuka. Mwanzoni lilishuka kina cha kifundo cha mguu, naye akailaumu mvua. Baadaye mahindi yakabaki yamesimama juu ya mizizi yao kama kuku juu ya miguu. Halafu nguzo za ua zikawa zinaning'inia kwenye waya, hazigusi chini. Kaburi la Boaz peke yake halikushuka. Lilibaki kwenye kimo chake cha zamani, juu ya kilima chake kidogo, na saruji yake haikupata ufa.

Oyaro alipanda gari akaja mjini. Aliingia uwanja wa Sumeya bila kubisha hodi, akachukua udongo kidogo kwenye gunia, akaufinya, akaunusa. Mtu aliyelima hawezi kukosea.

"Shemeji, huu ni udongo wangu."

"Karibu kiti, shemeji," Kezia alisema. "Umekula?"

Hakuketi. Wiki ile ile baraza ikaitwa Lambwe, chini ya banda la mabati mbele ya ofisi ya chifu. Chifu alikuwa mtu wa makamo mwenye subira. Alikuwa ameshaamua kesi ya mpera uliokuwa ukizaa upande wa jirani tu, na ya ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa mpaka mwenye mali halisi aitwe, kwa hiyo alifungua kesi hii kama nyingine.

"Kezia, unakubali udongo uko kwako?"

"Nakubali."

"Ulikuja kuuchukua?"

"Nani ameniona hapa na jembe? Asimame."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyesimama.

"Hakuchukua," akasema mzee mmoja. "Umeenda."

"Kwenda umeenda," akasema Oyaro, "lakini ni wangu. Hati si iko?"

Chifu aliishika hati, akaisoma mbele na nyuma, akatoa uamuzi kwamba udongo hufuata hati, na mwenye hati ana haki ya kwenda kuuchota popote utakapopatikana. Kezia alikasirika. Aliinuka bila kupewa ruhusa.

"Misimu miwili nilisimama pale na mbegu kwa kichwa," akasema. "Hakuna mzee hapa alimuuliza huyu, Oyaro, mbona hupandi? Hata mmoja. Sasa udongo umetembea kidogo, mmevaa makoti mkakuja baraza. Nimesikia. Aje achukue. Lakini mimi siachi kupanda, na udongo mimi siwezi kuukataza kuja kwangu. Uiteni na wenyewe barazani."

Chifu akasema kikao kimeisha.

Oyaro alikuja na lori la mchanga na wapakiaji. Kezia hakuwazuia. Aliketi juu ya pipa lililofunikwa akila kiazi kilichochemshwa, akawaonyesha gunia walilosahau nyuma ya mlango. Lori likaenda kumwaga Lambwe. Alipovuna tena, udongo ulikuwa umerudi wote, na safari hii ulinuka dizeli kidogo. Oyaro akakodi lori mara nyingine. Udongo ukarudi tena, pamoja na koleo moja ya mpakiaji, ambayo Kezia aliituma kwa mwenyewe kupitia boda boda. Baada ya hapo Oyaro aliacha kukodi. Hati aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaiweka kabatini, maana hati inaeleza urefu na upana wa shamba. Habari za kina haziko.

Masika yakaingia kwa nguvu. Udongo mweusi wa Lambwe haunywi maji upesi, na chini ya shimo ndio uliobaki. Mvua ilijaa humo mpaka kifuani mwa mtu mzima, na kaburi la Boaz likawa kisiwa katikati, ndege wawili wa ziwani wameshuka juu yake kukausha mabawa. Oyaro alikaa barazani na redio. Safari hii hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa anangoja maji yakauke ili apande, na kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza, boma zima lilikuwa linangoja naye.

Kezia aliteremka kwenye pikipiki asubuhi, vifuniko vya maboksi vimefungwa nyuma kwa mpira, marando yamelowa ndani ya gunia. Majirani walitoka wakasimama kando ya njia. Alipandisha rinda, akalifunga kiunoni, akaingia majini. Aliweka kifuniko cha kwanza kikaelea. Akaweka cha pili.

Oyaro alikuja mbio kwa kandambili.

"Kezia! Sijatoa mbegu mimi!"

"Najua, shemeji."

"Utaleta chira kwa hii boma!"

Kezia alisimama, maji yamemfika kifuani. Alikuwa ameliwaza jambo hili kwa muda mrefu, tangu siku ya pipa la kwanza.

"Mila inasema udongo," akasema. "Mkubwa atie mbegu kwa udongo kwanza. Uko na udongo hapa? Nionyeshe. Mimi naona maji. Na maji haikutajwa."

Oyaro aliwageukia wazee waliokuwa wamefika. Wazee walilijadili jambo hilo pale pale, wamesimama, kwa sauti ya chini. Walikumbuka mtama, wakakumbuka wimbi na mahindi na maharagwe, wakakumbuka hata tumbaku. Yule mzee wa barazani akakohoa.

"Ni kweli," akasema. "Maji haikutajwa."

Chifu alipoletewa habari alisema kwamba mila ni mila lakini hati ni hati. Shimo ni la Oyaro, maji yaliyomo ni ya Oyaro, na Kezia anatakiwa kuondoa vitu vyake. Agizo hilo alilituma kwa askari wake, naye askari akalisoma kando ya maji kwa sauti. Kezia alimshukuru kwa kuja mbali. Hakuondoa kitu. Chifu amelituma tena kila msimu, maneno ni yale yale, na askari siku hizi huondoka na viazi kwenye kofia.

Siku ya mavuno ya kwanza pale Lambwe, Kezia aliinua kifuniko huku majirani wakitazama. Viazi vilitoka vyekundu, vinang'aa, safi kabisa, bila hata chembe ya tope. Udongo haukuwa na sababu ya kutafuta njia tena, maana Kezia mwenyewe alikuwa amerudi. Kezia alivuka hadi kwenye kaburi, akaweka juu ya saruji kile kigae cha bluu, akakaa kidogo hapo akilia bila kujificha. Kisha akarudi kazini.

Jina lililo kwenye hati ni la Oyaro mpaka leo, na magunia ya udongo bado yameegemea ukuta wa Sumeya, kwa sababu hakuna aliyelipeleka jambo hili kortini. Maji nayo hayajakauka. Msimu huu Oyaro alishuka tena hadi ukingoni, jembe begani, mbegu kwenye beseni, zimeanza kuota ukungu.

"Shemeji," akasema, kwa upole sasa, "hivi vitu utatoa lini? Mimi pia nataka kupanda."

Kezia hakugeuka. Alikuwa anapitisha rando kwenye tundu, polepole, lisivunjike.

"Ngoja," akasema. "Wewe ndiye ulinifundisha kungoja."

Akakibana kipande cha godoro, akachukua rando jingine.