Nani Kakwambia Wewe Mbaya?

Haya, nikutegee wewe unayenisikiliza: nina kioo changu, kila anayejitazama humuona mwengine. Hujakipata? Basi bakia na mji wako, nitakwambia bure: ni simu.

Simu ya mjukuu wangu Khairiya, wa miaka kumi na mitano, humtoa mweupe kama unga wa muhogo, na pua kama sindano. Akishatazama humo, akija kwenye kioo cha kabatini hununa siku nzima.

Msimu wa karafuu skuli zetu za huku Shumba zilifungwa, watoto wakawa majamvini wanaanika. Khairiya akagoma.

"Jua litanirudisha nyuma, Bibi."

Kumbe keshanunua krimu huko Konde, aliyoiona kwenye simu. Kopo halina hata jina! Wiki ya pili mashavu yakachubuka, mekundu kama nyama mbichi. Hospitali daktari akamwambia: ukiendelea kupaka, ngozi hii haitopona.

Akaitikia vizuri. Akaenda akalificha kopo ndani ya gunia la karafuu, akasahau kwamba karafuu zikipata unyevu hurudishwa juani. Nilipomimina gunia jamvini, kopo hilo hapo waziwazi katikati ya karafuu.

Jirani yangu Mwatum akacheka. "Muache apake, Bi Mgeni! Mweusi ataolewa na nani zama hizi?"

"Wewe Mwatum uliolewa kwa krimu gani? Ya masizi?"

Akajizonga kanga yake akaondoka. Mimi nikachukua mchi, nikaliponda kopo mpaka likawa bapa kama chapati. Kisha nikamgeukia Khairiya, kajifunika uso kwa mtandio.

"Nani kakwambia wewe mbaya? Mtaje tu, nimwendee na mchi huu huu. Awe mwanamme, awe wa kwenye simu, awe Mwatum!"

 Akauvuta mtandio zaidi, akaingia ndani.

Kesho yake nilikuwa uani natwanga singo ya kumsugua mwili dada yake Moza, aliyekuwa aolewe Ijumaa. Mawaridi, liwa, karafuu. Nyumba nzima inanukia. Wasichana wamejaa, wanacheka, nami nikatia utani wangu ule wa siku zote:

"Moza nikimsugua hii atawaka kama taa. Lakini huyu Khairiya wangu, chungu cha jikoni, hata nimsugue kwa mchanga wa pwani!"

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Khairiya akasimama. Akauvua mtandio, mabaka yake yote nje, mbele ya wenziwe, akaja mpaka kwenye kinu. 

"Jana uliniuliza swali, Bibi."

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Krimu sipaki tena. Na chungu siitwi tena, si kwa utani, si kwa mapenzi." Akautazama mchi mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. "Aliyeniambia ni wewe."