Nguzo ya Kumi na Nne

Kufikia saa nne asubuhi mchoraji alikuwa ameshatundika waya mpya wa intaneti kwenye nguzo kumi na tatu, na yeye mwenyewe hajainuka kitini. Ndiyo kazi yake: kwenye programu ya kompyuta huweka kwanza nyaya zilizopo, wa umeme juu, wa simu chini, halafu huchomeka ule unaopendekezwa katikati na kusubiri rangi. Ikija kijani, haya twende. Ikija nyekundu, nafasi ya mita moja chini ya umeme haikutimia, na atakayepanda huenda asishuke mzima.

Mpandaji ni kaka yake. Ndiye pia aliyepima kimo cha nyaya zilizopo, kwa fimbo ya kurefusha ambayo namba yake husomwa chini, kwenye kidirisha. Ofisi iliagiza kila namba ipigwe picha. Zilipigwa, zikahifadhiwa, wala hakuna aliyewahi kuzifungua. Nani atamkagua mtu mwenye miaka ishirini kazini?

Nguzo ya kumi na nne ikatoka kijani. Bosi akachungulia mlangoni.

"Nitafutie picha moja nzuri ya jalada la ripoti. Jumatatu wanapanda."

Mchoraji akafungua picha za nguzo iliyokuwa mbele yake. Kwa waya wa umeme, kidirisha cha fimbo kilisema mita saba nukta tatu. Fomu, kwa mwandiko wa kaka, ilisema saba nukta nane. Nusu mita nzima ya hewa isiyokuwepo! Akampigia kaka simu.

Kaka alikuja na mkanda wake wa kupandia kiunoni, kama kawaida yake. Watu walimtania kwamba hulala na mkanda huo.

"Kaka, hebu nisomee hapa."

"Ulipelekwa shule kufanya nini, dada?" Aliinama, akarudi nyuma, akainama tena. "Saba nukta nane. Si nimeandika?"

Mchoraji akaikuza picha. "Na sasa?"

"Nane."

Akaikuza mpaka tarakimu ikawa kubwa kama kiganja. Hapo kaka akasoma tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nikisema, watanishusha. Nikishushwa nitafanya nini mimi, nifuge kuku?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mchoraji alikuwa na maneno hayo mdomoni, akayameza. Huyu ndiye aliyemfundisha namba, akizichora kwa msumari juu ya mfuniko wa sufuria kuukuu, na mchoraji akikosea anagongwa utosini. Alimwonea huruma, na papo hapo alimkasirikia sana. Nguzoni Jumatatu angepanda nani, kama si yeye mwenyewe?

Akafuta nane mbele ya macho ya kaka, akaandika tatu. Nguzo ikawa nyekundu. Waya wa simu ulikuwa karibu mno kwa chini, hivyo hata kuteremsha ule mpya haikuwezekana. Ingebidi isimikwe nguzo ndefu zaidi, na bosi angepiga kelele mpaka jioni.

"Na mimi ukiniingiza humo kwenye mashine yako," kaka aliuliza, "nitatoka rangi gani?"

"Nyekundu, kaka. Mpaka upate miwani."

Kaka akacheka kidogo, puani. Kisha akafungua mkanda, akauweka mezani juu ya fomu, akavuta kiti na kuketi kando ya dada yake.

"Zile kumi na tatu za kijani," alisema. "Nazo fungua."