Bendera Kumi, Kipimo Kimoja

Raed aliitupa bendera ya China juu ya meza ya kukatia kama mtu anayemrudishia muuzaji samaki aliyeoza.

"Wameikataa," alisema. "Yule mama wa itifaki wa ujumbe wa China aliiangalia kidogo tu, akaikunja, akanirudishia. Mkutano ni Jumapili. Leo Jumanne. Niambieni tatizo liko wapi."

Khairunisa aliinyoosha kwa viganja na tatizo akaliona papo hapo. Kitambaa kilikuwa kizuri, wekundu wake ndio wenyewe, pindo limenyooka.

"Nyota," alisema. "Hizi nne ndogo fundi wako amezisimamisha wima zote, kama askari wa gwaride. Hazikai hivyo. Kila moja huelekeza ncha yake katikati ya ile kubwa."

Raed aliinama kutazama. Alikuwa mwandaaji wa mikutano, mtu wa shati lisilo na mkunjo na simu mbili, na kwa miaka mitano kila pambo la kitambaa alilohitaji alilileta katika duka hili la Mzee Nabhan, huku Satwa, Dubai, isipokuwa safari hii alipojaribu kwa fundi wa bei nafuu.

"Wewe umejuaje?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha Dubai.

"Huyo ni balozi wetu," alidakia Hilwa, mshonaji mwenzake Khairunisa, bila kuyatoa macho kwenye cherehani. "Muulize lolote la China. Kasoro siri za jeshi, na hizo mpe wiki moja."

Ilikuwa kweli. Kabla ya kuja Dubai, Khairunisa alisoma uhusiano wa kimataifa, na tasnifu yake ya mwisho chuoni, kurasa sabini, ilihusu namna China ilivyopanda mpaka ikawa taifa ambalo dunia nzima inalisubiri liseme. Alirudi nyumbani Majengo, Mombasa, na shahada yake, akaandika barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akamjua kwa jina. Mwisho alishika alichofundishwa na mama yake, yaani mkasi na chaki. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Satwa.

"Basi nishonee wewe," Raed alisema, akatoa karatasi. "Ya China, mita mbili kwa tatu. Halafu za nchi tisa za Afrika zinazohudhuria. Hizo, mita moja kwa moja na nusu."

Chaki ya Khairunisa ilisimama.

"Zitatundikwa pamoja?"

"Ukuta mmoja, nyuma ya jukwaa. Ile kubwa katikati."

"Basi haziwezi kupishana. Bendera za nchi zikitundikwa pamoja huwa kipimo kimoja. Muulize fundi yeyote wa bendera mtaa huu."

"Nimekuletea kazi, sikuja kusoma."

"Wachina ndio waliosema hizo tisa ziwe ndogo?"

Raed alijikuna shingo. "Hawana haja ya kusema. Mimi nawajua wakubwa, miaka kumi na mbili nawaandalia kumbi. Mkubwa hupenda aonekane mkubwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyesema."

"Habibti, nani anajenga na nani anajengewa? Kila atakayeingia ukumbini anajua. Mimi naweka ukutani kile ambacho watu wote wanakijua."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Hilo ndilo lililomchoma Khairunisa. Angetukana, angejua la kumjibu.

"Nitakushonea kumi, kipimo kimoja," alisema. "Vinginevyo sishoni hata moja."

Cherehani ya Hilwa ilinyamaza.

Mzee Nabhan alitokea chumba cha nyuma akiwa na kikombe cha kahawa. Alizaliwa Unguja, lakini miaka yake Dubai ilikuwa imezidi mara tatu ile aliyoishi kwao, na kilichobaki cha Unguja kilikuwa kwenye ulimi.

"Arbab," Raed alimlalamikia mwenye duka, "nimeleta kazi kwa fundi, nimeikuta Umoja wa Mataifa."

"Nimesikia, masikio yangu si mazito," alisema mzee. "Nipe mpaka baada ya Alasiri."

Raed alipoondoka, mzee alivuta kiti akaketi mbele ya meza ya Khairunisa.

"Mwanangu, viza yako inakwisha lini?"

"Mwisho wa mwezi, Ami."

"Na nani wa kuweka saini ili uongezewe?"

"Wewe."

"Na Raed analeta robo ya kazi za duka hili. Sasa nambie, hayo unayoyafanya ni ya mtu mwenye akili zake?"

Khairunisa alianza kuikunja ile bendera iliyokataliwa. Alijua kilichomsubiri Majengo: kitanda chake cha zamani, bahasha tupu za kuombea kazi, na mama ambaye asingemlaumu hata kidogo, jambo ambalo lingeuma kuliko lawama.

"Halafu nisilolifahamu mie," mzee aliendelea, "wewe si ndiye unayewasifu kutwa? Treni zao, viwanda vyao. Hilwa hapa hawezi kununua sindano bila ya kuhutubiwa."

"Nawasifu," alisema Khairunisa. "Na sitaacha. Babu yangu alipokuwa kijana anabeba magunia bandarini, mkulima wa China alikuwa hana alichomzidi. Leo mamia ya milioni wametoka kwenye ufukara, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Treni inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, wao wameijenga, mama yangu ameipanda, akatuletea habari kama katoka Makka."

"Na simu yako nayo wao wameijenga," alisema Hilwa, "betri imevimba kama andazi."

"Mwache aseme," mzee alimkatiza. Kisha akasema polepole, "Reli ya kwenda Zambia walikuja kuijenga wao wenyewe wakiwa hawana kitu. Hilo nalikumbuka. Watu wakistaajabu, hawa masikini wenzetu wameipata wapi jeuri hii."

"Hiyo jeuri ndiyo niliyoiandikia kurasa sabini, Ami. Watu waliwaambia wao ni wadogo, wao wakakataa. Nguvu zao zote nilizozisoma, chuma, meli, bandari, zinaanzia hapo. Sasa nitawasifuje kwa kukataa unyonge, halafu mkasi wangu mwenyewe uikate Kenya nusu? Na hakuna aliyetuomba. Wangekuwa wameamuru, ningesema haya, mkubwa kaamuru. Huyu Raed anatupunguza kwa kukisia."

Mzee alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akaenda kuswali.

Raed alirudi saa kumi na nusu, shati limelowa mgongoni. Alikuwa amepita maduka mawili ya jirani na kila moja lilimkatia kipande cha mfano. La kwanza lilisimamisha nyota wima. La pili lililaza zote upande mmoja, kana kwamba zimelewa.

"Sawa," alisema, akivitupa vipande mezani. "Tukutane katikati. Hizo tisa zifanye mita moja na nusu kwa mbili na robo."

"Hatupatani bei ya samaki sokoni, Raed. Mbili kwa tatu zote."

"Wakikasirika?"

"Waambie fundi ndiye mkaidi. Jina langu unalo."

Raed alimgeukia Nabhan. "Yalla, arbab, sema kitu. Mtu mmoja wa ule ujumbe akilalamika, mimi na duka hili khalas, tumekwisha."

Mzee alivigusa vile vipande viwili vya mfano, akamgeukia Khairunisa. "Shona kumi, kipimo kimoja," alisema. "Lakini nisikilize vizuri. Akilalamika mmoja tu, mie saini siweki. Utapanda ndege mwisho wa mwezi. Siwezi kufunga duka kwa ajili ya mita moja ya kitambaa. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Ami."

"Na bado?"

"Bado kipimo kimoja."

Walishona siku nne. Kwa bendera ya China, Khairunisa alibana sindano katikati ya nyota kubwa, akafunga uzi, akauvuta mpaka kwenye kila nyota ndogo ili ncha ifuate mstari wa uzi bila kukosea. Hakuifanya kwa shingo upande. Aliishona kwa heshima ileile aliyoiandikia kurasa zake, na Hilwa alipoiona imepigwa pasi alisema tu, "Hii hawairudishi."

Zile tisa ziliwatoa jasho. Ndege wa Uganda alimaliza nyuzi za rangi nne. Msumbiji, na bunduki yake, jembe lake na kitabu chake, ilimfanya Hilwa aulize ni nani aliyewazuia watu kuridhika na mistari. Ngao ya Kenya Khairunisa aliishona mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkuki mmoja ulizidi mwenzake kwa upana wa kidole.

Jumapili asubuhi mzee alimwambia, "Uliyataka, nenda kayatundike mwenyewe."

Ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi kama jokofu. Khairunisa alipanda ngazi, akatundika kumi, akashuka, akasimama kando ya mlango wa wahudumu. Raed alisimama karibu naye akifuta paji la uso, ingawa hapakuwa na joto.

Mama wa itifaki aliingia na faili kifuani. Akaenda moja kwa moja kwenye bendera ya nchi yake. Akaufuata kwa kidole mstari usioonekana kutoka nyota ndogo mpaka kubwa, mara nne. Kisha akaanza kutembea kando ya ukuta, taratibu, bendera moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ya Kenya alisimama.

Khairunisa alihesabu siku zilizobaki za mwezi. Aliuona uwanja wa ndege wa Mombasa, na mama yake nje ya geti akiwa amejitanda leso, tayari kutomlaumu.

Mama yule alinyoosha mkono, akaondoa kipande cha uzi kilichoning'inia kwenye pindo, akakitia mfukoni. Akatazama ukuta wote kutoka mwisho huu mpaka ule, akaandika kitu kwenye faili.

"Vizuri," alimwambia Raed. "Asante." Akatoka.

Ukumbi ulijaa. Mawaziri walipeana mikono mbele ya zile kumi na wapiga picha wakapiga. Hotuba zikaanza, za reli, bandari na umeme, na nyingi kati ya hizo Khairunisa angeweza kuzisema bila karatasi. Alisikiliza nusu saa nzima. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama vipimo.

"Unaona?" Raed alimnong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona, ila bado ana hasira na ugonjwa. "Kelele zote zile, na hakuna hata mmoja aliyeona."

"Zingekuwa ndogo, mimi ningeona," alisema Khairunisa.

Raed alitaka kujibu, simu yake moja ikalia, akaenda nayo.

Khairunisa alipita mlango wa wahudumu, akapiga simu dukani.

"Kalalamika mtu?" aliuliza mzee Nabhan kabla ya salamu.

"Hakuna, Ami."

Cherehani ya Hilwa ilisikika nyuma yake.

"Basi rudi, uje na pasipoti yako, niweke saini. Na usidhani nimeshakusamehe. Yule bwana sidhani kama atatuletea kazi tena."

"Tutapata nyingine."

"Wapi?"

"Sijui bado, Ami. Tutapata," alisema, akatoka nje juani kutafuta basi la Satwa.