Vidonge Vilivyochaguliwa Kama Maharagi

"Muchague kama maharagi!" patron Phinées aliamuru, na wanawake wa meza ya kuchagua wakainama tena.

Tangu asubuhi, katika kiwanda chake kidogo cha Butembo, vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha vilikuwa vikitoka mashineni na ufa pembeni. Ukikigusa kimoja, sehemu yake ya juu inabanduka kama kofia. Mama Solange, mkuu wa kazi, alijua chanzo. Konvoa ya Beni, msafara wa magari unaosindikizwa na askari, ingeondoka adhuhuri, na hakuna dereva anayethubutu barabara ile bila askari. Kwa hiyo patron alikuwa ameongeza mwendo wa mashine. Unga ukibanwa kwa haraka, hewa hukosa pa kutokea. Kisha fundi Luc, akidhani ataziba nyufa, akaongeza mgandamizo, nazo zikazidi.

Solange alichota vidonge vilivyochaguliwa, vizima machoni, akavitia katika kopo na kulitikisa mbele ya pua ya Phinées. Akalifunua. Unga na kofia tupu.

"Ona! Na hata Maboya, hapo njiani, hatuyafika!"

"Mama Solange, mama wa mutoto atasaga tu na kijiko."

"Atasaga nini? Nusu? Mutoto wako ungemupa nusu ya dawa?"

"Gari haingoje mutu!"

Damu ikampanda Solange kichwani. Akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikanyamaza.

"Luc, rudisha vitesse chini, mashine iende polepole. Punguza na nguvu. Acha hewa itoke!"

Luc alimtazama patron, akamtazama Solange, kisha akazungusha gurudumu na kuiwasha mashine tena. Vidonge vikaanza kutoka polepole, kana kwamba mashine nayo imenuna. Solange akatikisa vichache. Hakuna kilichopasuka.

Alipogeuka, wapakizi walikuwa wameshika ndoo za vidonge vilivyochaguliwa.

"Hizo hazitoke hapa!"

"Kiwanda ni yangu, mama!"

Hapo Solange akanyakua beseni la maji ya kuoshea vyombo, akamimina katika ndoo ya kwanza, na ya pili. Vidonge vile vimeundwa viyeyuke katika kijiko cha maji; mara moja vikawa uji mweupe.

"Sasa pakiza."

"Toka! Toka kwa kiwanda yangu!"

"Nitatoka, lakini kisha ya hizi nzuri kuisha."

Nje, magari ya konvoa yalipiga honi, yakaondoka. Muda si muda simu ikalia. Alikuwa Débora, muuguzi wa zahanati moja ya eneo la Ruwenzori, kule Beni.

"Dada, dawa iko njiani?"

"Hapana. Nilizimwangia maji. Zilikuwa mbaya."

"Batoto banajaa huku, Solange! Nitaambia bamama nini?"

"Ambia bangoje konvoa ingine."

"Kasirani yako haiponyeshe mutoto hata mumoja," Débora akasema, akakata.

Solange aliweka simu chini, akamfokea Luc kwa nini mashine imesimama. Nayo haikuwa imesimama.